Ghasia na Ugaidi: Majina, Mali na Dola katika Afrika Mashariki, 1997 hadi 2021

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kundi la vijana waliojihami kwa mapanga, pinde na bunduki chache lilivamia kituo cha polisi kilicho karibu na kivuko cha Likoni, kusini mwa kisiwa cha Mombasa. Askari sita waliuawa na silaha za kituo zikachukuliwa. Katika wiki zilizofuata, nyumba na vibanda vya biashara vya watu waliotoka bara vilichomwa moto. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, na wanaokisiwa kufikia 100,000 waliyahama makazi yao. Mwaka mmoja baadaye, kasoro siku sita, yaani Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, malori mawili yaliyosheheni vilipuzi yalilipuka, kwa tofauti ya dakika chache tu, kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, kumi na wawili kati yao Wamarekani. Dar es Salaam walikufa 11. Majeruhi walikuwa zaidi ya 4,000.

Tukio la kwanza liliitwa ghasia, machafuko, au mapigano ya kikabila. La pili liliitwa ugaidi. Hata hivyo, katika matukio yote mawili raia wasio na silaha walilengwa au hawakujaliwa, nia ilikuwa ya kisiasa, na waliokusudiwa kuingiwa na hofu walikuwa wengi kuliko waliopigwa. Tofauti ya majina haikutokana na maumbile ya vitendo vyenyewe. Ilitokana na nani aliyepigwa, nani aliyepiga, na nani aliyekuwa na uwezo wa kutoa jina. Na kwa kuwa jina huamua sheria itakayotumika, fedha zitakazotolewa na mtu atakayeshukiwa, historia ya ugaidi katika Afrika Mashariki haiwezi kuandikwa pasipo historia ya neno hilo.

Mintarafu ya neno lenyewe, kuna jambo la kisarufi ambalo halipewi uzito unaostahili. Nomino nyingi za Kiswahili zinazotaja mtenda uovu huambatana na kitenzi: aibaye ni mwizi na tendo lake ni wizi, auaye ni muuaji na tendo lake ni uuaji au mauaji, atekaye ni mtekaji. Mtu huwa mwizi kwa sababu ameiba. Gaidi halina kitenzi kilichozoeleka. Jina la mtu ndilo linalotangulia, na kiambishi u- huongezwa ili kupata jina la hali: ugaidi ni hali ya kuwa gaidi. Ndivyo yalivyo pia jambazi na haramia, na si ajabu kwamba maneno hayo matatu yaliishi jirani kwa muda mrefu, kwani gaidi wa hadithi na wa magazeti ya zamani alikuwa mnyang'anyi mwenye silaha, mtu wa njiani na msituni. Neno la Kiingereza linalofasiriwa kwa gaidi limejengwa juu ya dhana ya hofu kuu, yaani juu ya athari ya tendo. Neno la Kiswahili halitaji hofu wala tendo; lataja aina ya mtu. Lugha yenyewe haikumdhulumu yeyote kwa hilo. Lakini neno la namna hiyo likiingia mikononi mwa dola, ni rahisi litumike kumtafuta mtu kabla ya kulithibitisha tendo.

Historia ya Kenya ilikwisha kutoa mfano. Katika miaka ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, serikali ya kikoloni iliwaita wapiganaji wa Mau Mau magaidi katika lugha yake rasmi, na marufuku iliyowekwa dhidi yao iliendelea kuwa sheria ya nchi huru kwa miaka arobaini. Iliondolewa mwaka 2003 tu. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilitamka majuto yake kwa mateso yaliyofanywa na utawala wa kikoloni na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Marufuku yaliyolibeba jina la zamani yaliondoka kwanza, fedha zikafuata miaka kumi baadaye.

Chanzo cha ghasia za Likoni kilikuwa ardhi kabla ya kuwa kura. Ukanda wa maili kumi wa pwani, uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar na kuendeshwa na Waingereza kama hifadhi tangu 1895, ulipimwa na kusajiliwa chini ya sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908. Wenye nyaraka, au wenye uwezo wa kuzitafuta, walithibitishiwa mashamba yao. Wasiokuwa nazo, na hao walikuwa aghalabu Wamijikenda waliomiliki ardhi kwa mila na ukoo, walijikuta wakiishi juu ya ardhi ya Serikali au ya mwenye shamba asiyeonekana. Uhuru haukuigeuza hali hiyo. Neno "skwota" likaingia katika Kiswahili cha pwani na kumtaja mtu ambaye babu yake alizikwa pale pale anapoambiwa si pake. Utalii ulipokua, fukwe za kusini zikajengwa hoteli, na wenyeji wakaona kwamba ajira zilizo nzuri, biashara na viwanja vilikwenda kwa watu wa bara.

Malalamiko ya aina hiyo yanaweza kudumu vizazi bila ya kumwagika damu. Yaliyoongezeka mwaka 1997 ni uchaguzi mkuu uliokuwa ufanyike mwezi Desemba, na ukweli kwamba wahamiaji wa bara katika Likoni walitazamiwa kuwapigia kura wapinzani. Vijana, wengi wao Wadigo, walikusanywa na kupewa mafunzo katika misitu ya Kaya, wakala viapo, wakaambiwa kwamba wabara wakiondoka ardhi itarudi. Tume ya Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila nchini, ilipokea ushahidi uliowataja wanasiasa. Ripoti yake ilikabidhiwa mwaka 1999 na ikakaa bila kutolewa kwa umma hadi 2002. Waliofukuzwa walikwisha kupiga kura kwingine, au hawakupiga kabisa. Ardhi haikurudi kwa yeyote.

Mlipuko wa Nairobi ulikuwa na nasaba nyingine, na nasaba hiyo haikuanzia Afrika Mashariki. Vita vya Afghanistan vya miaka ya 1980, vilivyogharimiwa kwa fedha za Marekani na za Ghuba dhidi ya jeshi la Kisovieti, viliacha nyuma yake watu waliojua kupigana, mitandao ya fedha na imani kwamba dola kubwa inaweza kushindwa. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi Mei 1996, Osama bin Laden aliishi Khartoum chini ya ulinzi wa utawala wa Sudan, akiendesha kampuni za ujenzi na kilimo sambamba na kundi lake. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu, na kutoka hapo pwani ndefu kuliko zote za bara la Afrika ikawa haina forodha wala polisi. Khartoum ilitoa makazi, Somalia ikatoa njia, na Kenya na Tanzania, nchi mbili zenye amani, benki, simu na watalii wasioulizwa maswali mengi, zikatoa mahali pa kufanyia kazi.

Uchumi wa njama hiyo ulikuwa mdogo kiasi cha kushangaza. Mmoja wa wanne waliohukumiwa kifungo cha maisha mjini New York mwaka 2001 alikuwa na biashara ya samaki mjini Mombasa. Mwingine aliishi Nairobi akiendesha shirika la hisani na biashara ya vito. Kati ya waliotiwa hatiani, mmoja aliyehukumiwa 2001 na mwingine aliyehukumiwa 2011 walikuwa wenyeji wa Zanzibar. Magari yaliyotumika yalikuwa malori ya Kijapani ya kawaida, ya namna inayobeba vinywaji na mboga katika kila mji wa kanda hii. Gharama zote, kwa makisio ya juu, zilikuwa makumi ya maelfu ya dola, pungufu ya bei ya nyumba nzuri katika mtaa wa wenye nacho Nairobi. Hasara yake haikukadirika. Jengo la Ufundi, lililokuwa jirani na ubalozi katika makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, lilianguka lote. Kabla ya mlipuko mkuu kulisikika kishindo kidogo na milio ya risasi. Watu wa maofisi ya jirani wakaenda madirishani kuangalia, na vioo vikawakuta hapo. Ndiyo maana idadi ya waliopofuka ilikuwa kubwa mno. Dar es Salaam, lori la maji lililokuwa langoni mwa ubalozi lilimzuia mshambuliaji asiukaribie ukuta. Dereva wa lori hilo alikufa, na kwa sababu ya lori lake wengi ndani ya jengo walisalimika.

Majibu ya Marekani yalikuja tarehe 20 Agosti: makombora dhidi ya kambi za Afghanistan na dhidi ya kiwanda cha dawa cha al-Shifa mjini Khartoum. Madai kwamba kiwanda hicho kilihusika na silaha za sumu hayakupata kuthibitishwa. Kilichothibitika ni kwamba nchi maskini iliyokuwa vitani ilipoteza kiwanda kikubwa cha dawa za watu na mifugo.

Hapa ndipo panapostahili kusailiwa dai linalorudiwa mno katika hotuba, kwamba ugaidi huletwa na umaskini. Lingekuwa kweli kwa namna hiyo nyepesi, wilaya zilizo maskini kuliko zote za Kenya na Tanzania zingekuwa ndizo zinazotoa walipuaji, na hazikuwa hivyo. Utafiti wa Alan Krueger na Jitka Malečková, uliochapishwa 2003, haukuona uhusiano wa moja kwa moja baina ya umaskini au uchache wa elimu na ugaidi. Mmoja wa wanaume wanne waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwana wa chifu wa serikali. Ripoti ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2017, iliyotokana na mahojiano na watu waliokuwa wamejiunga na makundi ya aina hiyo barani Afrika, inafikirisha zaidi. Asilimia 71 ya waliojiunga kwa hiari walisema kilichowasukuma hatimaye ni kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Umaskini, basi, ni udongo. Haukosi umuhimu, lakini udongo haujipandi wenyewe. Panda watu waliofunzwa vita mahali pasipo dola, kisha uipe dola ya jirani sababu ya kuwapiga wasiohusika, ndipo mmea huota.

Sababu hiyo ilipatikana haraka. Tarehe 28 Novemba 2002, gari lililojaa vilipuzi liligonga hoteli ya Paradise huko Kikambala, kaskazini mwa Mombasa, iliyokuwa ikipokea wageni kutoka Israel. Dakika chache kabla, makombora yalirushwa kuelekea ndege ya abiria iliyokuwa ikiondoka uwanja wa Moi, yakaikosa. Hotelini waliuawa Waisraeli watatu na Wakenya kumi, na baadhi ya Wakenya hao walikuwa wachezaji wa ngoma waliosimama kuwakaribisha wageni. Mei 2003 serikali ya Uingereza ilisimamisha safari za ndege zake kwenda Kenya kwa hofu ya shambulio jingine. Pwani iliyokuwa haijainuka sawasawa tangu Likoni ilianguka tena: hoteli zikapunguza wafanyakazi, wachongaji na wauza vinyago wakakosa wanunuzi, wavuvi wakakosa jiko la kuuzia kamba na kaa. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo maamuzi ya makundi ya nje na ya serikali za nje yalikutana hivyo juu ya sahani ya mtu mmoja.

Mwaka huo huo wa 2003 serikali mpya ya Kenya ilichapisha Mswada wa Kukomesha Ugaidi. Tanzania na Uganda zilikwisha kupitisha sheria zao mwaka 2002, bila ya mjadala mrefu. Mswada wa Kenya ulikuwa na kifungu kilichomfanya kuwa mkosaji mtu anayevaa hadharani vazi lolote kwa namna inayozua shaka kwamba yeye ni mfuasi wa kundi lililopigwa marufuku. Mjini Mombasa, Malindi na Lamu hakuna aliyehitaji kuelezwa ni vazi gani. Gaidi, ambaye katika sarufi alikuwa mtu kabla ya tendo, alikuwa sasa apewe kanzu na kofia na sheria yenyewe. Jumuiya za Waislamu, wanasheria na watetezi wa haki za binadamu waliupinga mswada kwa pamoja, ukaondolewa. Kenya ilipata Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2012. Lakini polisi hawakuwa wamesubiri sheria. Baada ya jeshi la Ethiopia kuingia Somalia Desemba 2006, watu waliokimbilia Kenya walikamatwa mpakani, na makumi kati yao, wakiwemo wanawake na watoto, walisafirishwa kwa ndege kupelekwa Somalia na kutoka huko Ethiopia, bila ya kesi. Vyombo vya habari vya Kenya viliwaita washukiwa, na vya Tanzania vikawaita watuhumiwa. Baina ya kushukiwa na kutuhumiwa kuna hatua nzima ya mashitaka, na watu hao hawakufikishwa hata kwenye hatua ya pili.

Uvamizi huo wa 2006 uliivunja Jumuiya ya Mahakama za Kiislamu na kuliacha tawi lake kali, al-Shabaab, likiwa peke yake uwanjani na bendera ya kupinga uvamizi mkononi. Hapo ndipo uchumi ulipoingia kwa nguvu. Kundi lililotawala bandari ya Kismayo lilitoza ushuru wa makaa ya miti yaliyopelekwa Ghuba na wa sukari iliyoingizwa Kenya kwa magendo. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku makaa ya Somalia Februari 2012. Jeshi la Kenya, lililoingia Somalia Oktoba 2011 katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi, lilishiriki kuitwaa Kismayo mwaka uliofuata. Hata hivyo wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza mwaka 2013 kwamba biashara hiyo iliendelea na kukua. Katika vita vya aina hii kila upande una wafanyabiashara wake, na wafanyabiashara hao huvuka mstari wa mapigano kwa urahisi kuliko wakimbizi.

Jina "Linda Nchi" linastahili kuangaliwa. Ni Kiswahili safi, kitenzi katika hali ya kuamrisha, na lilieleweka na kila raia. Operesheni ya Aprili 2014 katika mtaa wa Eastleigh iliitwa Usalama Watch, nusu Kiswahili na nusu Kiingereza, na nayo ikaeleweka upesi. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakiwemo raia wa Kenya kwa kuzaliwa, walikamatwa na baadhi yao kuzuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mtaa huo, ambao biashara ya vitambaa, simu na vyombo ilikuwa ikilisha maduka ya Nairobi nzima, ulifunga milango kwa muda na sehemu ya mitaji ikahamia kwingine. Desemba 2014 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama katikati ya vurugu. Februari 2015 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vinane.

Ndipo likaja shambulio la Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokutwa mabwenini alfajiri. Ni vema kulisema wazi: hakuna malalamiko ya ardhi, ya kanzu wala ya Kasarani yanayoweza kulielezea tendo hilo likaonekana kuwa jibu. Waliouawa walikuwa watoto wa wakulima na wauza mboga wa bara, waliopelekwa huko na mfumo wa udahili na si kwa hiari yao. Walimu wasio wenyeji walikuwa tayari wakilikimbia eneo la kaskazini-mashariki tangu basi liliposhambuliwa karibu na Mandera Novemba 2014. Baada ya Garissa waliondoka wengi zaidi, na madarasa ya watoto wa Kisomali yakabaki bila mwalimu wa hisabati wala wa Kiswahili. Katika mwezi huo huo serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha kwa njia ya hawala. Njia hiyo ndiyo iliyobeba ada za shule, dawa na chakula cha familia za Mandera, Wajir na Mogadishu. Leseni zilirudishwa miezi michache baadaye. Marekani ilikwisha kufanya hivyo hivyo Novemba 2001 ilipoifunga al-Barakaat, na wachunguzi wa tume ya Marekani ya mashambulio ya Septemba 11 baadaye hawakuupata ushahidi wa kuihusisha kampuni hiyo na ugaidi.

Swali la majina lilirudi kwa ukali wake wote huko Mpeketoni. Mji huo wa Lamu ulizaliwa na mpango wa makazi wa miaka ya 1970, ambapo familia kutoka bara zilipewa mashamba kando ya Ziwa Kenyatta. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014, wakati watu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, washambuliaji waliingia, wakawatenga wanaume na kuwaua. Katika usiku wa kwanza na uliofuata waliuawa zaidi ya watu 60. Al-Shabaab ilidai kuhusika. Rais Uhuru Kenyatta alisema ilikuwa kazi ya mitandao ya kisiasa ya ndani. Upande mmoja ulisema ugaidi, upande wa pili ukasema, kwa maana, Likoni. Inawezekana kabisa kwamba pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli, kwani kundi la nje lililozoea kusoma malalamiko ya wenyeji halikukosa kuyasoma ya Lamu. Mwezi uliofuata Rais aliamuru kufutwa kwa hati za takriban ekari 500,000 zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22 katika Lamu. Kwa amri hiyo dola ilikiri, bila ya kutamka, kwamba katika mkoa huo neno ugaidi halikutosha peke yake kueleza kilichotokea. Sambamba na hayo ilitangazwa amri ya kutotoka nje usiku, na wavuvi ambao kazi yao ni ya usiku wakakaa na nyavu zao nchi kavu.

Lipo jambo la mwisho, nalo ni la fidia, na ndani yake Kiswahili kina utata wake chenyewe. Mtu aliyepatwa na maafa huitwa mwathiriwa katika Kenya; Tanzania wengi husema mwathirika au mhanga. Wakati huo huo mshambuliaji anayejilipua huitwa mtu wa kujitoa mhanga, usemi uliokuwa sifa ya waliokufa kwa ajili ya uhuru wa nchi. Kwa hiyo taarifa moja ya habari inaweza kumtaja muuaji na aliyeuawa kwa neno moja, na kwa upande wa muuaji neno hilo lina harufu ya ushujaa. Wahariri walioanza kuandika "mlipuaji wa kujiua" wamefanya kazi ya maana kuliko inavyodhaniwa.

Nani mhanga wa mwaka 1998 mbele ya sheria? Baada ya milipuko Marekani ilitoa misaada ya matibabu na ujenzi, na bustani ya kumbukumbu ilifunguliwa Nairobi mwaka 2001 mahali ubalozi uliposimama. Kesi za madai, hata hivyo, zilifunguliwa Marekani dhidi ya Sudan, nchi iliyowahi kumpa bin Laden makazi, na ziliendelea takriban miaka ishirini hadi kufika Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyotoa uamuzi kwa faida ya wadai Mei 2020. Utawala wa Omar al-Bashir ulikuwa umeangushwa Aprili 2019 kwa maandamano ya raia, wakiwemo wengi waliokuwa watoto wachanga, au hawajazaliwa, wakati lori lilipolipuka Nairobi. Serikali ya mpito, iliyotaka kutoka katika orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi ili iweze kukopa na kufanya biashara, ilikubali kulipa dola milioni 335. Desemba 2020 Sudan iliondolewa katika orodha, na Machi 2021 Marekani ilitangaza kwamba fedha zimepokewa. Watu walioiondoa serikali ile ndio waliolilipa deni lake, wakati foleni za mkate Khartoum zilikuwa ndefu.

Fedha hizo zilikuwa za raia wa Marekani na za wafanyakazi na wakandarasi wa balozi. Kwa mujibu wa maelezo yaliyochapishwa wakati huo, familia ya mfanyakazi wa Kimarekani aliyeuawa ilitengewa dola milioni 10, na ya mfanyakazi aliyekuwa raia wa nchi nyingine dola 800,000. Wengi wa waliokufa Nairobi hawakuwa Wamarekani wala wafanyakazi wa ubalozi. Walikuwa abiria wa mabasi, makarani wa benki ya jirani, wachuuzi wa barabara ya Haile Selassie. Waliokuwa darasani katika jengo la Ufundi asubuhi ile, wakijifunza ukatibu muhtasi, hawakuwamo katika orodha.